Mambo ya kuandaa kabla ya mchezo wa kufahamiana kwa watu wazima

Anza na idadi ya watu, maana ndiyo inayoamua mchezo. Watu 20 wakijitambulisha kwa zamu, kila mmoja dakika 2, zimekwenda dakika 40 na wa mwisho hana tena wa kumsikiliza. Kundi likizidi watu kumi na kitu, wagawe wawili wawili: kila mmoja amhoji mwenzake dakika 3, kisha amtambulishe kwa wote kwa sentensi mbili. Idadi ikiwa witiri, panga mapema kundi moja la watatu, asibaki mtu amesimama peke yake akitafuta mwenza.

Kazi kubwa iko kwenye maswali. Mtu mzima haogopi kucheza. Anaogopa kuaibika mbele ya wageni. "Una watoto wangapi?" linasikika jepesi, lakini huenda aliyeulizwa amefiwa, au anatafuta mtoto kwa miaka. Ndoa, dini, umri na mshahara viache kabisa. Hata kazi naiweka kando, kwani kuna aliyeachishwa juzi, na vyeo huwapanga watu kabla hawajazungumza. Afadhali uulize kitu alichojifunza ukubwani, au kazi ya nyumbani anayoipenda. Ukishaandika maswali, yajibu mwenyewe kwa sauti, na unaposita, futa. Watangazie pia kwamba anayetaka kuruka swali anaruhusiwa, bila kutoa sababu.

Kwa mchezo wa kweli mbili na uongo mmoja, ambapo mtu hutaja mambo matatu kumhusu na wengine wakabashiri lipi ni la uongo, andaa karatasi na kalamu. Wengi hawawezi kutunga papo kwa papo. Bingo ya watu inataka jedwali lenye visanduku, kila kimoja na sifa yake, kama "anazungumza lugha tatu", na washiriki wazunguke wakikusanya sahihi za wenye sifa hizo. Weka sharti kwamba mtu asitie sahihi mara mbili kwenye karatasi moja, la sivyo wanaojuana watajaziana karatasi wenyewe kwa wenyewe. Visanduku 16, basi, vinahitaji watu wasiopungua 17.

Michezo ya kushikana mikono au kukimbizana siipendekezi kwa wageni. Kagua nafasi: je, mwenye kiti cha magurudumu atapita? Asiyesikia vizuri atakaa wapi? Majina yaandikwe kwa herufi kubwa kifuani.

Andaa pia jibu lako mwenyewe, kwa sababu utatangulia wewe. Ukisema nusu dakika, nao watasema nusu dakika, ukihutubia, watahutubia.