Kabla Mtoto Hajabalehe: Mambo ya Kuzingatia kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Wazazi wengi wa Newala, Tandahimba, Nachingwea na kwingineko huku Kusini huyaacha mazungumzo ya balehe mikononi mwa kungwi na ngariba, na tarehe ya unyago au jando hupangwa kwa kutazama likizo ya shule na fedha za korosho, ilhali mwili wa mtoto haungoji msimu. Kwa kawaida msichana huanza kubadilika akiwa na umri wa kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya 9 na 14, wakati tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo inapotoa homoni zinazoamsha ovari au korodani. Mzazi na azungumze na mwanawe mapema, hata kama ameshachezwa, yaani ameshapitia unyago au jando.

Kwa msichana, dalili ya kwanza mara nyingi ni kidonge kigumu chini ya chuchu, ambacho huweza kutangulia upande mmoja na kuuma kikiguswa. Hilo si jipu, na lisikandwe. Tangu hapo hadi hedhi ya kwanza hupita takriban miaka 2 hadi 3, muda unaotosha kumwandalia begi la shule lenye pedi au vitambaa safi vya pamba, chupi ya akiba na kanga. Kitambaa hubadilishwa kila baada ya saa chache, hufuliwa kwa sabuni na maji baridi, kisha huanikwa juani. Kukificha uvunguni kwa aibu, kama ilivyozoeleka, hukiacha na unyevu. Aelezwe pia, bila mafumbo ya nyimbo, kwamba yai huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, hivyo hata ambaye hajavunja ungo anaweza kupata mimba.

Kwa mvulana hukua korodani kwanza. Ndoto nyevu na sauti kukwaruza hufuata, naye asichekwe. Akipelekwa jandoni, mzazi ahakikishe kwamba tohara inafanywa na mhudumu wa afya na kwamba wembe hautumiki kwa watoto wawili.

Kituo cha afya kihusishwe iwapo matiti yametokeza kabla ya miaka 8, hedhi haijaonekana kufikia miaka 15, au pedi inalowa chapachapa kila saa. Safari hiyo itumike pia kuulizia chanjo ya virusi vya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 hutolewa nchini kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.