Somo: kupanda pilipili katika kiwanja cha mawe, Goma

Mwenye kiwanja kilichopitiwa na lava ya Januari 2002 anajua kwamba jembe hugonga mwamba mapema. Kwa hiyo tunaanza na udongo wa kuletwa, ndipo tufikie mbegu.

Hatua ya kwanza. Pangeni mawe ya volkano yazunguke tuta lenye kina cha sentimita 30 hivi, au mchukue bidoni ya lita 20, mkiikata juu na kuitoboa chini. Changanyeni sehemu mbili za udongo mweusi na moja ya samadi iliyooza kabisa, kwa maana mbichi huunguza mizizi. Tuta likae kando ya ukuta unaopigwa na jua. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na pilipili, ambayo asili yake ni nchi za joto za Amerika, huelekea kuangusha maua usiku ukishuka chini ya nyuzi 15. Mawe meusi hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, nami nayathamini kuliko mbolea yoyote ya dukani.

Hatua ya pili. Mbegu za tunda lililoiva kabisa zikaushwe kivulini, zifukiwe nusu sentimita, na kopo likae karibu na jiko. Huota baada ya wiki moja hadi tatu.

Hatua ya tatu. Mche wenye majani manne hadi sita uhamishwe jioni, nafasi ikiwa sentimita 50. Bidoni ibebe mmoja tu. Anayeotesha Julai atakuwa tayari mvua za Septemba zikianza. Msipande palipotoka nyanya, bilinganya au viazi, kwani magonjwa yao ni yale yale.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja wa Himbi: Mche wangu ni mrefu, wa kijani kizito, lakini hauzai. Kwa nini?
Jibu: Mama, samadi imezidi. Usiongeze tena, na upunguze maji.

Ndugu wa Katindo: Majani yanajikunja.
Jibu: Geuza jani utazame chini yake. Ukiona vidukari, vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni. Jani likiwa na mabaka ya manjano yaliyochanganyika na kijani, huenda ni virusi, ambavyo havina dawa. Ng'oa mche huo kabla vidukari havijavipeleka kwa jirani.

Mwanachama mwingine: Nikitoa mbegu, ukali utaisha?
Jibu: Hautaisha, kwa kuwa umejaa zaidi katika utando mweupe unaozishika mbegu. Ondoa utando huo pia, na mikono ikiwaka, ipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha uioshe kwa sabuni. Maji matupu hayauyeyushi ukali huo.