Diwani, beba kabrasha na ndoo: namna ya kufuatilia fedha ya maji kwenye kata yako

Nilikaa udiwani miaka kumi katika halmashauri ya wilaya, kata ya vijijini, na mwaka wangu wa kwanza nilipitisha bajeti kwa kunyoosha mkono kama wenzangu. Kabrasha tulipewa asubuhi ileile ya kikao. Ukurasa wa maji ulisema mradi wa kijiji kimoja kwenye kata yangu "unaendelea". Mwaka uliofuata, unaendelea. Mwaka wa tatu mama mmoja akanisimamisha njiani, ndoo kichwani, akaniuliza: "Mheshimiwa, huo mradi unaendelea kwenda wapi?"

Haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza baada ya swali lile. Nimemlenga diwani mpya wa Tanzania Bara, hasa wa halmashauri ya wilaya, lakini mwenyekiti wa kijiji au mwananchi anayejali anaweza kuyatumia karibu yote.

Hatua ya 1: Jua fedha iko kwa nani

Hapa ndipo madiwani wengi hupoteza mwaka mzima. Zamani mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa mtumishi wa halmashauri. Ukitaka kumhoji, unamhoji kwenye kamati, na mkurugenzi anatoa maelekezo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 ilibadili hilo. RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ilianza kazi Julai 2019 chini ya Wizara ya Maji, na wataalamu wa maji vijijini wakahamia huko. Barabara zilikuwa zimeshatangulia: TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianza 2017.

Maana yake ni kwamba fedha ya mradi wa maji wa kijiji chako kwa kawaida haipiti kwenye akaunti ya halmashauri. Inatoka wizarani au Mfuko wa Taifa wa Maji na kwenda RUWASA. Ukimbana mweka hazina wa halmashauri kuhusu mradi huo, atakuangalia tu, na hana kosa.

Je, baraza limebaki bila meno? Hapana. Kwanza, meneja wa RUWASA wa wilaya hualikwa kwenye vikao kutoa taarifa, na taarifa hiyo mnaijadili. Pili, bajeti yake hupita Kamati ya Ushauri ya Wilaya kabla ya kwenda mkoani. Tatu, yako mambo ya maji ambayo yamebaki kwenu kabisa: ulinzi wa vyanzo, matumizi ya ardhi, sheria ndogo, maji na vyoo vya shule na zahanati. Haya ya tatu wengi wetu huyasahau, nitayarudia chini.

Kama kata yako iko mjini, huduma iko kwa mamlaka ya maji ya mji, na bei zake husimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Maswali hayabadiliki sana, ila unamuuliza mtu mwingine.

Hatua ya 2: Anzia kwenye muhtasari wa kijiji

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini bajeti inapikwa mapema mno. Baraza la bajeti hukaa kati ya Januari na Februari. Ukilileta ombi la kijiji mwezi Machi, umeshachelewa mwaka mzima. Kwa hiyo vikao vya vijiji vya kuibua miradi vifanyike mwishoni mwa mwaka wa kalenda, Oktoba hadi Desemba, kisha mambo yaje kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni wewe na katibu ni mtendaji wa kata.

Omba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kila kijiji. Usikubali kuhadithiwa. Mara mbili nilikuta mradi uliofika wilayani kama "kipaumbele cha wananchi" haumo kwenye muhtasari wowote; wananchi walitaka maji, karatasi ikasema uzio wa ofisi. Mtendaji aliyeandika hakuwa mwizi. Alinakili orodha ya mwaka wa nyuma kwa sababu ilikuwa tayari kwenye kompyuta.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji kabla ya hesabu ya fedha

Huhitaji uhandisi. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitoa vipimo vitatu kwa vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Vishike kichwani.

Tuseme kijiji kina watu 3,200. Gawa kwa 250 unapata vilula 13, yaani vituo vya kuchotea. Zidisha kwa 25 unapata lita 80,000 kwa siku. Sasa soma andiko la mradi. Linasema kisima kinatoa lita 2 kwa sekunde? Hiyo ni lita 7,200 kwa saa, kwa hiyo pampu lazima ifanye kazi kwa muda wa saa 11 hivi kila siku ili watu wote wapate. Kama pampu ni ya umeme wa jua peke yake, na jua la kuisukuma vizuri ni saa sita hivi, utapata lita 43,200. Nusu ya kijiji.

Hilo ni swali la kuuliza kabla mkandarasi hajasaini. Je, kuna kisima cha pili? Kuna umeme wa gridi wa kusaidia? Au mmekubaliana kwamba awamu ya kwanza ni nusu ya kijiji, na ni vitongoji vipi? Nilipouliza hivi mara ya kwanza mhandisi alitabasamu, akavuta kiti karibu. Nadhani alikuwa amechoka kuulizwa "maji lini".

Hatua ya 4: Soma kabrasha kwa safu tatu

Omba kabrasha siku kadhaa kabla ya kikao. Kanuni za kudumu za halmashauri yako zinataja muda. Zisome, kisha uzitaje kwa upole. Siku hizi wengine wanatumiwa kwenye kishikwambi, na hapo hakuna kisingizio cha karatasi kuisha.

Chora kwenye daftari lako safu tatu kwa kila mradi wa kata: iliyoidhinishwa, iliyopokelewa, iliyotumika. Bajeti iliyoidhinishwa siyo fedha. Ni ruhusa ya kutumia fedha ikija. Nimeona madiwani wakiwatangazia wananchi milioni mia kadhaa siku ya kupitisha bajeti, na hadi Juni haijashuka hata shilingi. Anayetukanwa kijijini ni diwani.

Pengo kati ya safu ya kwanza na ya pili ni suala la wizara na hazina. Analiweza mbunge, naye ni mjumbe wa baraza lenu, mpe namba akaulizie bungeni. Pengo kati ya safu ya pili na ya tatu ni la hapahapa wilayani: zabuni imekwama, mkandarasi ameshindwa, au bomba zimenunuliwa na zimelala ghalani. Ukichanganya mapengo haya mawili utamlaumu asiyehusika, na anayehusika ataenda kunywa chai.

Kisha iko safu ya nne, ile ya "utekelezaji", yenye asilimia. Asilimia 95 inaweza kuwa mradi uliokamilika kila kitu isipokuwa pampu. Uliza jambo moja tu: vilula vingapi vinatoa maji leo?

Kwa fedha za halmashauri yenyewe, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi. Kama umo, omba taarifa ya mapato na matumizi ioneshe kasma kwa kasma, yaani kila fungu la bajeti peke yake, siyo jumla. Kama humo, mwombe mjumbe mnayeelewana.

Hatua ya 5: Nenda na ndoo

Kabla ya kikao cha robo mwaka, tembea. Beba ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Weka ndoo chini ya kilula, fungua bomba lote, hesabu sekunde hadi ijae. Andika kituo, siku, saa na sekunde. Rudia asubuhi na jioni, maana maji ya saa nne siyo maji ya saa kumi na moja alfajiri wakati foleni imejaa.

Daftari langu la ndoo lilinisaidia kuliko hotuba zangu zote. Kilula kilichojaza ndoo kwa sekunde 60 kikaanza kujaza kwa dakika nne, na hapo hakuna wa kukuambia kwamba mradi ni mzima. Kuna bomba linavuja, au mtu amejiunganishia bustani kule juu.

Ukiwa huko, pita kwa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, ambacho kila mtu anakiita CBWSO. Hawa ndio wanaouza maji, kulipa fundi na kununua vipuri. Waombe wakuoneshe mambo matatu: usomaji wa dira kuu (mita ya maji) kwenye tenki, jumla ya uniti zilizouzwa, na taarifa ya benki. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Tuseme dira kuu imesoma uniti 1,000 kwa mwezi na zilizouzwa ni 620. Uniti 380 zimepotea, ama ardhini ama mifukoni. Kama ndoo ni shilingi 50, uniti ni shilingi 2,500, kwa hiyo benki inapaswa kuonesha karibu shilingi 1,550,000, ukiacha madeni ya wateja. Ikionesha laki nane, uliza kwa utaratibu. Mara nyingi jibu ni wateja wasiolipa, na baadhi yao ni taasisi za umma. Kuna mwaka nilikuta mdaiwa mkubwa kijijini ni shule, na fedha ya kulilipa deni lile ilikuwa halmashauri kwetu. Nilinyamaza kidogo hapo.

Usichukue daftari la mhasibu wao na usitoe amri. Wewe siyo bosi wa CBWSO. Chombo kinawajibika kwa watumia maji na kinasimamiwa na RUWASA. Unachoweza ni kuhimiza taarifa yao ya mapato na matumizi isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 6: Uliza swali lisilokwepeka

Swali la "serikali ina mpango gani" lina jibu moja tangu uhuru. Andika swali la maandishi, lipeleke kwa muda unaotakiwa, liwe na jina la mahali, tarehe na namba. Mfano:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mradi wa kijiji A uliidhinishiwa fedha mwaka huu wa fedha. Hadi Desemba 31 kiasi gani kimepokelewa, kiasi gani kimelipwa kwa mkandarasi, na kati ya vilula 13 vilivyo kwenye mkataba, vingapi vinatoa maji? Kama havijafika 13, tarehe ya kukamilika kwa mujibu wa mkataba ni ipi?"

Ni swali moja lenye majibu ya namba. Meneja akisema "tunalifanyia kazi", mwenyekiti wa baraza anasikia mwenyewe kwamba hajajibu.

Jibu likitoka, hakikisha limeingia kwenye muhtasari kama lilivyosemwa. Halafu kikao kinachofuata usisubiri maswali. Simama kwenye yatokanayo, pale mnapopitia utekelezaji wa mambo ya kikao kilichopita. Kipengele hiki watu hukipita haraka ili wafike kwenye chakula, na ndicho chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu mnasoma ahadi ya mtu mbele yake mwenyewe.

Kama wewe si diwani, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua ya kuomba taarifa. Ofisi ina siku 30 za kukujibu. Bakiza nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Hatua ya 7: Hoja za CAG

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwekwa mezani bungeni Aprili. Baada ya hapo halmashauri huitisha baraza maalum la kujadili hoja. Kosa ambalo nimelifanya mwenyewe: nilitafuta miradi ya maji kwenye ripoti ya Serikali za Mitaa, sikuiona, nikafikiri tuko salama. RUWASA haimo humo. Tazama ripoti zake nyingine, ikiwamo ile ya miradi ya maendeleo.

Na hati safi isikulevye. Inasema vitabu vya hesabu vimeandikwa sawasawa. Haisemi kama bomba linatoa maji.

Hatua ya 8: Yale yaliyo mikononi mwenu kabisa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi yake, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji kama mto, ziwa au bwawa. Nani atazipima hizo mita 60? RUWASA inachimba kisima, lakini mashamba yanayokizunguka yako chini ya serikali ya kijiji na halmashauri. Tenga fedha ya mapato ya ndani, hata kidogo, ya kupima eneo la chanzo, kuweka vigingi na kuliingiza kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Bila mpango huo, siku mkulima wa nyanya akifika kwenye chemchemi na dawa zake, utamfukuza kwa maneno tu.

Kazi hii haina picha nzuri ya kukata utepe. Kwetu ilikataliwa miaka miwili mfululizo, ikapita mwaka wa tatu baada ya chanzo kimoja kukauka Oktoba, na safari hiyo mweka hazina mwenyewe ndiye aliyetafuta kasma ya kuiweka.

Robo ya kwanza baada ya mradi kuzinduliwa, rudi na ndoo ileile kwenye kilula kilekile. Andika sekunde pembeni ya zile za siku ya uzinduzi, kisha mpigie meneja simu kabla hujaenda barazani.