Somo: Kuondoa upotevu kwenye ziara ya mikoko

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliuita upotevu kwa neno la Kijapani "muda". Kwetu neno hilo limepata mahali pake, maana kwenye ziara zinazoendeshwa na vikundi vya Mombasa kinachopotea zaidi ni muda wenyewe. Tuchukue ziara ya mashua katika mikoko ya Jomvu: wageni 8, kisha chakula cha mchana.

1. Mfuateni mgeni kwa saa. Mtu mmoja asiye na kazi nyingine ashike daftari tangu mgeni anaposhuka tuktuk hadi anapoaga. Safu mbili tu: "anahudumiwa" na "anangoja". Msikadirie, kwani mkikadiria mtasahau dakika za kutafuta chenji na za kumpigia nahodha simu. Pimeni ziara 3 kabla ya kubadilisha chochote.

2. Ratiba ifuate maji. "Kila siku saa 4" ndiyo inayozaa kungoja kwingi, kwa kuwa maji kujaa husogea takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mashua ikichelewa hukwama matopeni, wageni wakabaki juani. Chukueni jedwali la maji la Kilindini, mpange mwezi mzima: ondokeni dakika 90 kabla ya maji kujaa, na mgeni aambiwe saa yake siku anapolipa amana.

3. Jaketi za kuokolea zitundikwe kwenye misumari yenye namba, za watoto kando. Msumari mtupu unajieleza.

4. Jikoni. Kupika kwa kukisia humwaga pesa. Oda ifungwe saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, ndipo samaki anunuliwe. Kwa watu 8, mchele kilo 1 na nazi 2. Samaki achomwe mapema, lakini asipakwe tui mpaka kiongozi apige simu kwamba mashua inarudi. Tui likikaa motoni likichemka hukatika, na sahani nzima huharibika.

5. Maji ya chupa: wekeni kadi juu ya katoni ya pili kutoka mwisho. Atakayeifikia kadi ampelekee mweka hazina siku hiyohiyo, ili maji mengine yanunuliwe kabla hayajaisha.

Maswali ya wanachama

*Wageni wetu hutoka Diani, feri ya Likoni inawachelewesha.*
Kwa Jomvu, gari lipite barabara ya Dongo Kundu, litokee Miritini. Feri hamna uwezo nayo, njia mnaweza kuichagua.

*Kazi ikipungua, akina mama wawili wa jikoni si watakosa zamu?*
La, dada. Ondoeni kungoja, msiondoe mtu. Siku mtakayomtoa mmoja, hakuna atakayewaambia tena dakika zinapotelea wapi. Aliyepata nafasi awafundishe wageni kukuna nazi kwenye mbuzi, na somo hilo lilipiwe.

*Mzee wetu wa historia husimulia dakika 40. Tumpunguzie?*
Msimguse. Hizo ziko safu ya "anahudumiwa", na mgeni amesafiri kwa ajili yake. Punguzeni zile za mwisho, mnapoandika risiti kwa mkono na kugombania chenji: salio lipokewe kwa M-Pesa kabla mashua haijang'oa nanga.