Kusafisha vifaa vya upasuaji vilivyogusa ubongo wenye prioni

Klorini ya 0.5% ambayo hospitali nyingi Uganda zinaijua tangu enzi za Ebola haitoshi hapa. Prioni si virusi wala bakteria. Ni protini ya kawaida ya ubongo, PrP, iliyojikunja vibaya, na kila inapokutana na nzima huikunja vilevile. Spiriti haiidhuru, na fomalini huigandisha tu kwenye chuma. Kutoka Uswisi iliripotiwa mwaka 1977: elektrodi zilizotoka kwenye ubongo wa mgonjwa wa CJD (Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo unaoletwa na prioni), zikasafishwa kwa spiriti ya 70% na mvuke wa fomalini, ziliwaambukiza vijana wawili.

Mgonjwa akipungukiwa akili kwa kasi ndani ya wiki au miezi, misuli ikimrukaruka na akayumba akitembea, pima kwanza yanayotibika: VVU, kaswende, kriptokoka (kuvu inayoshambulia ubongo). CJD ni nadra, mtu 1 hadi 2 kwa milioni kwa mwaka. Ikiendelea kushukiwa na upasuaji wa kichwa haukwepeki, tumia vifaa vya kutupwa panapowezekana.

Vya kutumika tena visikauke hata kidogo; vikishakauka, protini hung'ang'ania chuma. Vitumbukize ndani ya kostiki soda, gramu 40 kwa lita moja ya maji, kwa saa 1. Mimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, maana hutoa joto kali na kuruka. Ndoo iwe ya plastiki: sufuria ya alumini italiwa.

Ukikosa kostiki, klorini ya 2% kwa saa 1 inafaa. Kama kibandiko cha Jik kinasema 3.5%, changanya vikombe 4 vya Jik na 3 vya maji. Jik iliyokaa juani imepungua nguvu, kwa hiyo hesabu hiyo itakudanganya. Tena klorini hula chuma cha pua. Mimi ningechagua kostiki.

Vaa glavu nene na miwani, fungua madirisha. Kisha suuza kwa maji na utie kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke) 121°C kwa saa 1. Usiingize vyenye klorini bila kusuuza, hutoa gesi yenye sumu. Baada ya hapo osha na takasa kama kawaida.

Majibu ya vipimo vya CJD yakichelewa, funga seti ya vifaa kwenye sanduku gumu lenye jina la mgonjwa, isirudi kabatini. CJD ikithibitika, ichomwe kwenye tanuru la taka za hospitali.

Wodini glavu za kawaida zinatosha. Kumlisha, kumwogesha na kumshika mgonjwa hakuambukizi.