SOMO: Namna ya kufuatilia ukoo wa makasisi na wanajeshi wa Uingereza, tunaanzia kaburi la Nyeri

Habari za leo wadau, poleni na majukumu. Kuna watu wameniuliza kwa nyakati tofauti jinsi ya kutafuta nasaba za Waingereza, mmoja anasoma historia chuoni, mwingine ana mume Mwingereza na anataka watoto wajue upande wa baba yao. Nimeona nisiwajibu mmoja mmoja, nilete somo hapa kwa vitendo, tuchukue ukoo mmoja tuufukue hatua kwa hatua.

Ukoo nimeuchagua kwa sababu wengi wetu tuliopitia skauti tunaujua bila kujua kwamba tunaujua. Pale Nyeri, Kenya, kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, jiwe lina duara na kitone katikati, ile alama ya njia ya skauti inayosema nimeenda nyumbani. Nilifika pale mara ya kwanza nikiwa na skafu shingoni na sikuuliza kitu, tukapiga saluti tukaondoka. Nimerudi nikiwa mtu mzima ndo swali likanijia. Kwetu mgeni akiingia kijijini kabla hajaketi anaulizwa wewe mtoto wa nani. Huyu mzee amelala kwetu tangu Januari 1941 na mimi sijui ni mtoto wa nani!

Jibu fupi: ni mtoto wa kasisi na mjukuu wa admirali. Jibu refu ndo somo lenyewe, na kitu kimoja naomba mkishike mpaka mwisho, kwa hawa watu jina la ukoo litakupoteza, anayekufikisha ni mama.

HATUA YA 1: Anzia kwa marehemu, rudi nyuma

Usianze na babu wa zamani ukashuka, utaishia kwenye ukoo wa watu wengine. Anza na unachokijua kwa ushahidi. Hapa tunajua amezaliwa London 22 Februari 1857, amefariki Nyeri 8 Januari 1941. Kwahiyo cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa.

HATUA YA 2: Cheti cha kuzaliwa, na jina gani la kutafuta

England na Wales serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo 1 Julai 1837. Faharasa zake zipo mtandaoni, tovuti ya FreeBMD ni bure, na ofisi kuu ya usajili yenyewe ina faharasa yake unajisajili tu unatafuta.

Sasa hapa mimi nilipoteza wiki mbili nzima. Nilikuwa naandika Baden-Powell, mwaka 1857, hakuna. Naongeza miaka, hakuna. Nikaanza kudhani hakuandikishwa kabisa, maana kabla ya 1875 wazazi hawakuwa wanabanwa kwa faini kama baadae na kuna watoto kweli walirukwa. Kumbe mtoto hakuzaliwa Baden-Powell. Amezaliwa Powell, Robert Stephenson Smyth Powell. Baden lilikuwa jina la kwanza la baba yake, Kasisi Baden Powell. Baba alipofariki mama ndiye aliyeanza kuyaunganisha majina mawili, kama mwaka 1869 hivi, ili wanae wajulikane ni wa mzee yule na sio Powell yeyote tu, na kisheria jina likaja kuidhinishwa 30 Aprili 1902 huyu mtoto akiwa tayari jenerali. Kwahiyo karatasi za familia hiyo hiyo zina watu wanaitwa Powell na watu wanaitwa Baden-Powell na ni walewale.

Ukikipata cheti soma kila safu taratibu. Kuna tarehe na mahali, jina, jinsia, jina la baba, jina la mama pamoja na jina lake la kwao kabla ya ndoa, kazi ya baba, alafu saini na makazi ya aliyeleta taarifa. Safu ya kazi ya baba ndo inakutuma kwenye vitabu vya kanisa au vya jeshi. Lakini safu ya mama ndo dhahabu, hapa inakupa Smyth.

HATUA YA 3: Mkamate mama

Hii hatua nataka tukae nayo kidogo maana watu wanairuka. Ile faharasa ya ofisi kuu unaweza kutafuta kwa jina la ukoo la mtoto NA jina la kwao mama kwa pamoja. Weka Powell, mama Smyth, miaka ya 1846 hadi 1860, alafu panga unaowapata kwenye karatasi moja kwa tarehe. Ukikamilisha orodha ya watoto wa huyu mama, Henrietta Grace Smyth, inakuwa hivi:

Warington, Februari 1847. George, Desemba 1847, yaani wawili ndani ya mwaka mmoja na sio mapacha, usije ukafuta mmoja ukidhani umekosea. Augustus 1849. Frank 1850. Henrietta 1851. John 1852. Jessie 1855. Robert 1857. Agnes 1858. Baden, Mei 1860.

Kumi. Sasa fungua faharasa ya vifo weka majina hayo hayo. Henrietta mdogo amefariki 1854, John 1855, Jessie 1856. Watatu mfululizo, mwaka baada ya mwaka, na anayefuata kuzaliwa ndo huyu Robert wa Nyeri. Mimi nilipoiona ile mistari mitatu niliacha kazi kwa siku hiyo, maana vitabu vinamtaja tu kama mtoto wa Profesa Powell (ndo yule yule kasisi), hakuna anayekwambia kwamba alizaliwa nyumba ambayo ilikuwa imetoka kuzika mara tatu. Na ukisogea mbele kidogo, baba amefariki 11 Juni 1860, kitinda mimba Baden ana wiki tatu. Mama ana miaka 35, watoto saba wako hai mkubwa ana 13. Huyo ndo aliyejenga lile jina mnaloliona kwenye jiwe.

HATUA YA 4: Cheti cha ndoa na shimo lake

Wamefunga ndoa 1846, yeye ana miaka 21, kasisi ana 49 na ni mgane wa ndoa mbili. Mke wa kwanza Eliza, wa pili Charlotte aliyemwachia watoto wanne, mmojawapo Baden Henry ambaye baadae alikuwa mtumishi wa serikali India. Kwahiyo ukikuta Baden wawili kwenye ukoo ni ndugu wa baba mmoja mama tofauti, usiwachanganye.

Cheti cha ndoa cha England kinaandika jina na kazi ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi. Mama hayupo. Tangu 1837 hadi Mei 2021 mama hakuandikwa kwenye cheti cha ndoa, wamekuja kubadilisha juzi tu. Ndo maana nawaambia msitegemee ndoa peke yake, mama wa kizazi cha juu utampata kwenye kitabu cha ubatizo, kwenye wosia au kwenye majina ya kati ya watoto.

Hayo majina ya kati yasomeni kama barua. Smyth ni kwao mama. Stephenson ni godfather wake, Robert Stephenson injinia wa reli. Na mjomba wao Charles Piazzi Smyth, aliyezaliwa Naples 1819, alipewa jina la Piazzi, mwanaastronomia wa Palermo aliyegundua sayari ndogo ya Ceres 1801, kwa sababu baba yake alikuwa baharia anapima bahari ya Mediterania na ni rafiki wa yule mzee.

HATUA YA 5: Upande wa kasisi

Vitabu vya parokia vya England vinaanza 1538, japo vingi vya mwanzo vimepotea. Kuanzia 1754 ndoa zina daftari lake, kuanzia 1813 ubatizo na maziko vina fomu za kuchapwa, na ile ya ubatizo ina kazi ya baba, kwahiyo kabla ya hapo jiandae kusoma mwandiko tu na jina la baba.

Kasisi mwenyewe ana njia zake tatu. Moja, kanzidata ya makasisi wa Kanisa la England ya 1540 mpaka 1835, ni bure. Mbili, kitabu cha Crockford, kinaanza 1858, kinataja chuo, mwaka wa upadrisho na parokia zote alizoshika. Tatu, orodha za wanafunzi wa Oxford na Cambridge, zinamtaja baba wa mwanafunzi na anakotoka. Kasisi wetu alisoma chuo cha Oriel, Oxford, akawa kasisi wa Plumstead 1821, alafu profesa wa jiometria Oxford 1827 mpaka anafariki.

Baba yake naye ni Baden Powell, mfanyabiashara wa mvinyo wa Kent, na mama yake ni Hester POWELL. Sio makosa ya karani. Walikuwa mabinamu. Ukikuta jina la kwao mama ni sawa na la baba usiandike haijulikani, angalia kwanza kama wameoana ndani ya ukoo.

HATUA YA 6: Upande wa jeshi

Orodha za maofisa zilichapwa kila mwaka, za jeshi la nchi kavu tangu 1754 na za wanamaji tangu 1814. Gazeti la serikali, London Gazette, lipo tangu 1665 na unalisoma bure mtandaoni, kila ofisa akipandishwa cheo anatangazwa humo. Faili za utumishi zenyewe ziko Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa.

Babu mzaa mama, William Henry Smyth, amezaliwa 1788, alioa Messina kule Sicily 1815, akafika cheo cha admirali. Mwanae Henry Augustus akawa jenerali na gavana wa Malta, na Robert alikuwa msaidizi wake kule. Sasa angalieni, makaratasi ya Kiingereza yataandika anko, basi. Anko gani? Sisi lugha yetu inatulazimisha tuulize, mjomba, baba mkubwa au baba mdogo? Ulizeni hivyo kila mara mkikuta hilo neno. Huyu ni mjomba, kwahiyo njia ya jeshi kwa Robert imepita kwa mama na sio kwa baba.

HATUA YA 7: Sensa na wosia

Haraka haraka. Sensa zenye majina ni kuanzia 1841 kila miaka kumi. Ya 1841 haisemi nani ni nani wa nani na umri wa watu wazima wameupunguza kwa tano tano, ya 1851 na kuendelea ni nzuri. Ya 1931 iliungua, 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Wosia kuanzia Januari 1858 uko kwenye kalenda moja ya taifa, kabla ya hapo ni mahakama za kanisa.

MASWALI YA WADAU

Mama Wawili: Asante sana kwa somo. Shemeji zangu wanasema ukoo wao unatoka kwa mtu maarufu wa zamani, niandike kwenye mti?

Andika pembeni dada yangu, kwa penseli, usiuunge. Hata hawa kina Smyth walikuwa wanasema wanatoka kwa Kapteni John Smith wa Virginia, na yule hajulikani kuwa na mtoto hata mmoja, alifariki 1631 bila kuoa. Familia iliamini kwa dhati, wala sio waongo, ila karatasi haipo.

Kilimanjaro Boy: Mkuu kwa nini profesa wa hesabu awe kasisi? Hapo sijaelewa

Oxford ya wakati ule ilikuwa ya kanisa, nafasi nyingi za vyuo zilitaka mtu awe na upadri, na vile vizuizi vya dini viliondolewa 1871. Mwaka huo huo wa 1871 ndo waliacha pia kuuza vyeo vya jeshi. Kabla ya hapo cheo cha chini kabisa cha ofisa wa jeshi la miguu bei yake rasmi ilikuwa pauni 450, mjane mwenye watoto saba angezitoa wapi? Robert ameingia 1876 kwa mtihani, akapelekwa India kwenye kikosi cha wapanda farasi cha 13th Hussars. Angezaliwa miaka ishirini nyuma huenda habari ingekuwa nyingine.

Skauti Mstaafu: Kaka mimi nimewahi kuongoza vijana pale Nyeri. Kifo chake mbona sikioni kwenye faharasa ya England?

Shikamoo mzee. Amefia Kenya kwahiyo faharasa ya kawaida ya England haimhusu, waliofia nje wana vitabu vyao, vya mabalozi, vya jeshi na vya makoloni, na ushahidi wa kwanza ni pale pale kwenye kitabu cha maziko na jiwe. Na ukirudi pale angalia vizuri, majivu ya mkewe Olave aliyefariki Uingereza 1977 yaliletwa yakazikwa humo humo. Kwahiyo mtu anayetafuta kaburi la Olave Uingereza atahangaika bure.

Nuru_Tanga: Babu yangu alibatizwa na wamisheni wa UMCA (misheni ya Kianglikana) pale Magila, hii njia inafaa kwetu au ni ya wazungu tu?

Inafaa, na upande wa ubatizo ni ileile, makasisi waliokuja huku walikuja na desturi ya daftari lao. Anzia parokia yenyewe kabla ya kuandikia ofisi yoyote ya mbali. Nenda na jina la babu la ubatizo na lile la nyumbani yote mawili, maana karani aliandika la ubatizo na kijiji kinamkumbuka kwa la nyumbani, ni kisa kilekile cha Powell na Baden-Powell. Na muulize bibi yeyote aliye hai kwao babu upande wa MAMA ni wapi. Fanya hilo wiki hii, daftari litasubiri.

Kilimanjaro Boy: Alafu askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni) je? Babu mzaa mama alipigana Burma

Orodha nilizotaja ni za maofisa, askari wa kawaida hayumo humo, usipoteze bando. Tafuta namba yake ya jeshi kwanza, angalia medali kama ipo nyumbani, pindua ukingo wake uone kama kuna maandishi, na karatasi ya kuachishwa jeshi kama mama zako wakubwa wameitunza. Ukiipata piga picha pande zote mbili unitumie, tutaisoma pamoja.