Jinsi ya kuchora mto uliotulia kwa rangi za maji, tukimfuata Carl Larsson

Mwaka 1882 Carl Larsson, mchoraji wa Uswidi, alihamia Grez-sur-Loing, kijiji cha Ufaransa kusini ya Paris. Kule akaweka kando rangi za mafuta, akashika za maji, na kazi yake ikanyooka. Waswidi wenzake, akiwemo Karl Nordström, nao walichora hapo. Mimi hunivutia mwanga wake: jua halichomi, kijivu kimetanda, mto Loing umetulia chini ya daraja la mawe. Utulivu huo tutautafuta hapa.

Tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyembamba itajikunja. Ibandike ubaoni kwa tepu pande zote nne. Rangi nne zatosha: bluu ya ultramarini, manjano ya oka (manjano ya udongo), kahawia iliyokolea na nyekundu kidogo. Kijani changanya mwenyewe kwa bluu na oka, kwani cha kwenye tyubu ni kikali mno kwa mwanga huu.

Hatua ya 1. Kwa penseli nyepesi, weka ukingo wa mbali theluthi moja kutoka juu. Chora daraja, nyumba moja, miti michache. Basi.

Hatua ya 2. Lowesha karatasi yote isipokuwa ukuta mweupe wa nyumba. Changanya bluu na kahawia upate kijivu cha majimaji, ukipitishe kutoka juu hadi chini bila kusimama ukingoni. Anga na mto vipate rangi moja, maana maji yaliyotulia huchukua rangi ya anga. Subiri ikauke kabisa.

Hatua ya 3. Paka miti na daraja, vya mbali vikiwa vyepesi zaidi.

Hatua ya 4. Sasa taswira za majini, na hapa usiwe na haraka. Kila kitu kishuke wima chini yake chenyewe, hata kama umekaa pembeni. Chenye giza kipauke kidogo majini. Cheupe kiingie giza kidogo. Tena usigeuze tu daraja juu chini: maji huliangalia kutoka chini, kwa hiyo tumbo la tao huonekana zaidi majini kuliko unavyoliona ukiwa ukingoni. Wengi hulikosa hili, na mto wao unabaki kama kioo kilichobandikwa. Lowesha sehemu ya maji upya, gusa rangi kwa brashi nene, iteremshe, iache isambae yenyewe.

Hatua ya 5. Kabla haijakauka, chukua brashi bapa safi yenye unyevu, uikamue, kisha uivute mlalo mara moja, ukifuta rangi kwa mstari mwembamba. Mstari huo ndio uso wa maji. Miwili ni mingi ya kutosha. Ukizidisha, mto unaanza kuwa na mawimbi.

Hatua ya 6. Mwisho, matete ya mbele kwa brashi nyembamba, rangi nzito, mkono mwepesi. Katikati ya mto usiguse tena. Bandua tepu karatasi ikiwa kavu, ukivuta kuelekea nje ya picha.